Kama haiongei na simu yako, usiilipie

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, inboksi yangu imejaa swali moja: "Bro, nina EliteBook 840 G3, Windows 11 imeikataa, niweke Linux?" Weka. Weka leo. Hiyo laptopu ni ya kizazi cha sita cha Intel, na Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0. Haijazeeka, imekataliwa tu mlangoni. Ukiiwekea Linux Mint itawaka, Wi-Fi itashika, sauti itatoka, na betri ikiwa nzima utaeditia nayo miaka mingine kadhaa. Hizi ex-UK za kizazi cha sita na cha saba zimejaa Kenya hii, na karibu zote zinaipokea Linux bila kelele.

Lakini wasee, mnauliza kuhusu laptopu na laptopu si shida. Shida ni kile kitu unachokichomeka kando yake. Maiki. Printa. Kipanya chenye taa. Kadi ya kunasa video. Ndio hivi vinavyowarudisha watu Windows wakilia, baada ya wiki mbili, na kisha wanaenda kuambia mbogi yote ati Linux ni ya mahaka na watu wa kuvaa hudi.

Sasa maoni yangu nayasema mapema, asiyetaka kusoma yote aende zake: kifaa ambacho hakiwezi kufanya kazi hadi uweke programu ya Windows kimeuzwa nusu. Umelipa bei yote, umepewa nusu. Ile nusu nyingine inakaa kwenye tovuti ya kampuni, na siku kampuni itachoka nayo, uko na tofali lenye waya.

Wacha nieleze kinachotokea, maana wengi wanadhani ni uchawi.

Umenunua kitu, kwenye boksi kuna kijikaratasi chenye QR. Unaskani, unashusha faili inaisha na .exe. Unaibonyeza kwenye Linux, kimya. Unauliza mtandaoni, mtu anakwambia "tumia Wine". Wine ni programu nzuri sana, ilianza mwaka 1993, na ndiyo imefanya watu wacheze magemu ya Windows kwenye Linux siku hizi, kwa sababu Proton ya Valve imejengwa juu yake. Kazi yake ni ukalimani. Programu ya Windows inasema "nipe dirisha, nipe faili hii", Wine inasikia, inatafsiri, Linux inatoa. Hakuna Windows popote hapo ndani.

Kwa hiyo unaweka Wine, unabonyeza tena, na safari hii ile programu inafunguka! Rangi zote, vitufe vyote. Halafu katikati imeandikwa kwamba hakuna kifaa kilichopatikana. Na maiki yako iko hapo mezani inawaka taa.

Hapo ndipo watu wanakata tamaa, na hapo ndipo pa kuelewa. Programu na draiva si kitu kimoja. Chukulia matatu ya kutoka Masaku kwenda Nairobi. Programu ni makanga. Makanga unaweza kumtoa Kisumu ukamleta hapa, mradi awe na mtu wa kumtafsiria Kikamba, atapanga abiria na kuchukua nauli vizuri tu. Draiva ni giaboksi. Giaboksi ya Isuzu hutaiingiza kwenye Toyota kwa kutafsiriwa. Draiva inakaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, inashikana na chuma moja kwa moja, na Wine haifiki huko. Haijavunjika, haikuundiwa hiyo kazi. Kuna vifaa vichache vinaponyoka, kwa mfano vile vinavyoongea kwa njia ya kizamani ya siriali, hivyo Wine huviona. Lakini ukisikia mtu anakwambia atakuwekea draiva ya Windows ya printa kwa Wine, mwambie asante na ushike begi lako.

Na hii tabia ya kuuza nusu si mpya. Kama una kaka au binamu mkubwa muulize kuhusu zile modemu za Huawei ambazo Safaricom ilikuwa ikiuza, zile nyeupe kama flashi kubwa. Ukiichomeka, haikujitambulisha kama modemu. Ilijifanya CD! Ndani ya hiyo CD ya uongo kulikuwa na programu ya Windows. Windows ikiiweka ile programu, programu inaiambia modemu "sawa, acha kuigiza, kuwa modemu". Kwa mtu wa Windows hiyo ilikuwa raha, hakuhitaji diski. Kwa mtu wa Linux, alikuwa na CD yenye faili za .exe na hana intaneti ya kutafutia suluhisho, maana intaneti yenyewe ndiyo ilikuwa kwenye hiyo modemu. Maze, fikiria hiyo.

Suluhisho lilikuja kutoka kwa watu waliokaa chini wakachunguza ni ujumbe gani hasa Windows inautuma. Kumbe ulikuwa ni ujumbe mfupi tu. Wakaandika kijiprogramu kinaitwa usb_modeswitch, kinachotuma ujumbe huo huo, na modemu inaamka. Baadaye kikaingizwa kwenye Ubuntu na wenzake, ukichomeka tu inashika. Hakuna kilichobadilika kwenye modemu. Ilikuwa inaweza siku zote, ilikuwa imefungwa mdomo.

Ungedhani wamejifunza. Mwaka 2019 Focusrite walitoa Scarlett za kizazi cha tatu, zile boksi nyekundu za kurekodia ambazo kila mtu wa muziki anazitamani. Ukiichomeka mara ya kwanza inajitokeza kama flashi, yenye kiungo cha kwenda kujisajili, na hadi uzime hiyo hali hupati kila kitu ulicholipia. Na programu ya kupanga sauti ndani yake ni ya Windows na Mac. Jamaa anaitwa Geoffrey Bennett akaandika draiva ya Linux na dirisha la kuiendesha, linaitwa alsa-scarlett-gui, ambalo linazima hiyo hali na kukupa vitufe vyote. Vivyo hivyo kwa taa za kibodi na vipanya kuna OpenRGB, kwa vipanya vya Logitech kuna Solaar na Piper. Kila mahali ni hadithi moja. Kampuni inaacha shimo, mtu asiyelipwa anakuja na koleo.

Mimi yangu ilikuwa maiki. Jina la kampuni nitalimeza, sitaki barua ya wakili. Nilikuwa nimekwisha hama Windows, nikanunua maiki ya USB kwa pesa ya kazi mbili za harusi. Sauti ilishika papo hapo kwenye Linux, bila kuweka chochote. Lakini ilikuwa chini sana, kama mtu anaongea akiwa ndani ya blanketi, na ilikuwa na kichujio cha kelele kilichowashwa kinachokata mwisho wa maneno. Hakuna kitufe cha kuzima. Kitufe kiko ndani ya programu, programu ni ya Windows. Nikaandikia kampuni. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, kwa upole mwingi: tafadhali tumia Windows 10 au mpya zaidi.

Nilichofanya, na wengi wenu mnaweza kufanya, ni kuweka Windows ndani ya Linux kama mgeni. VirtualBox, bure. Unashusha faili ya Windows kutoka kwa Microsoft wenyewe, unaiweka kama kompyuta ya kuigiza, unaipa RAM giga 4 kama unazo 8. Haijalipiwa, itakuandikia maneno kwenye kona ya skrini, waache waandike. Kisha kuna kitu kimoja ambacho karibu kila mtu anakwama: ukifungua orodha ya vifaa vya USB unakuta iko tupu. Ni kwa sababu jina lako halijaingizwa kwenye kundi la vboxusers. Fungua terminali, andika sudo usermod -aG vboxusers $USER, utoke kwenye akaunti uingie tena. Sasa orodha inajaa. Unachagua maiki, inaondoka kwa Linux na kumwendea yule mgeni, na draiva ya Windows inaikuta ikiwa ndani ya Windows ya kweli. Giaboksi ya Isuzu ndani ya Isuzu.

Nikapandisha sauti, nikazima kichujio, nikafunga. Na hapa ndipo patamu: vifaa vingi vya aina hii vinahifadhi mipangilio ndani ya kumbukumbu yake vyenyewe. Niliporudisha maiki kwa Linux ilikuja na sauti mpya. Ile Windows nimeifungua mara moja tangu siku hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na VirtualBox, kama kuna rafiki mwenye Windows, nenda kwake na maiki yako kwa dakika kumi. Saiba pia wanaweza kukuachia mashine kwa hamsini bob. Si kila shida inahitaji terminali.

Tukitaja saiba, tuongee printa, maana hapa kuna doo za watu.

Hapa mjini saiba nyingi zinaendeshwa na vijana wa umri wetu. Picha za pasi, fomu za HELB, na ile mbio ya KRA kabla ya tarehe 30 Juni. Kitega uchumi ni printa moja ya wino wa tanki. Sasa printa nyingi za Epson za aina hii zina kihesabu ndani. Kila printa ikisafisha kichwa chake, wino unamwagwa kwenye sponji iliyo chini, na kihesabu kinapanda. Kikifika mwisho, printa inagoma, inakuambia sehemu zake zimefika mwisho wa maisha. Haichapishi hata nukta. Foleni iko mlangoni.

Basi anaitwa fundi. Fundi anakuja na flashi, ndani yake kuna "resetter", programu ya Windows iliyovuja zamani kutoka sijui wapi. Antivairasi inapiga kelele, fundi anasema "zima hiyo kitu", inazimwa, anabonyeza kitufe, kihesabu kinarudi sifuri, analipwa. Na hiyo ndiyo kompyuta ile ile ambayo wateja wanaandikia nywila zao za eCitizen na iTax. Hiyo sehemu inanitisha kuliko printa.

Sasa kuna watu waliochunguza lugha ambayo hizo printa zinaongea, kama walivyofanya wa modemu, na wakaandika vifaa vya wazi kwa Python. Kimoja kinaitwa reinkpy, kingine epson_print_conf. Si kila modeli inakubali, lazima uangalie yako kwanza. Lakini msimbo uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma, na unafanya kazi kwenye Linux bila kuzima ulinzi wa kompyuta. Na tuwe wakweli pia: kihesabu hakikuwekwa kwa uchoyo tu. Sponji hujaa kweli. Ukirudisha sifuri bila kubadilisha au kusafisha sponji, siku moja wino utashuka juu ya meza na fomu za watu. Ninachokataa ni kwamba namba iliyo ndani ya mashine yangu, ufunguo wake niutafute kwa flashi ya mtu mwingine.

Kwa njia, hii vita nzima ilianza na printa, si utani. Karibu mwaka 1980, kule MIT Marekani, walipewa printa ya Xerox. Ile ya zamani, Richard Stallman alikuwa ameibadilishia programu iwatumie watu ujumbe karatasi ikikwama. Hii mpya ilikuja bila msimbo wake. Akamtafuta mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, mtu akamnyima kwa sababu alikuwa ameahidi kampuni hatautoa. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, na vipande vyake vingi ndivyo vinakaa pamoja na Linux kwenye hiyo EliteBook yako. Karatasi ilikwama, jamaa akakasirika. Mimi naheshimu hasira za aina hiyo.

Sasa turudi kwenye pesa yako, kabla haijatoka mfukoni.

Usiende dukani kuuliza "hii inafanya kazi na Linux?" Muuzaji wa Luthuli atasema ndiyo. Ungemuuliza kama inafanya kazi na jiko pia angesema ndiyo. Beba kebo ya OTG, ile ya kuunganisha USB na simu. Mwambie unataka kujaribu na simu yako. Chomeka maiki kwenye simu ya Android, rekodi sekunde tano, sikiliza. Kamera na kadi za kunasa video, jaribu na programu yoyote ya kamera za USB, ziko Play Store za bure.

Kwa nini simu? Kwa sababu Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Na simu haina mahali pa kuweka draiva ya Windows. Kwa hiyo kifaa kikiongea na simu bila kuwekewa kitu, maana yake kinaongea lugha ya kawaida ya USB, ile ambayo kila mfumo unaifahamu: sauti kwa kanuni ya sauti, video kwa kanuni inayoitwa UVC. Kitaongea na laptopu yako ya Linux karibu kila mara. Kitaongea na laptopu utakayonunua miaka sita ijayo pia, hata kampuni ikifa. Kwa printa angalia kama boksi limeandikwa AirPrint au Mopria. Hizo ziliwekwa kwa ajili ya simu, lakini zinamaanisha printa inapokea kazi bila draiva, na Linux inachapisha kwayo kupitia mtandao. Za HP zina bahati nyingine, HP wenyewe wanatoa HPLIP kwa ajili ya Linux.

Muuzaji akikataa ujaribu, ondoka. Kuna duka lingine hatua nne mbele, si unajua Luthuli.

Najua kuna mtu anachapa komenti saa hii: "Si uweke tu Windows ya crack, maisha yaendelee?" Endelea. Ila ile activator uliyoshusha inaomba uzime antivairasi kama vile resetter ya fundi, na kwenye hiyo laptopu kuna M-Pesa yako ya biashara, chaneli yako na barua pepe inayoshika kila kitu. Mimi nimeona chaneli ya rafiki ikibadilika jina usiku mmoja na kuanza kuuza kriptokarensi. Watu elfu kumi na moja wa kufuatilia, miaka mitatu ya kazi. Hakuwahi kuirudisha.

Kuna mwingine atasema si kila mtu ana muda. Hapo nakubali kabisa. Kama mkate wako unategemea mashine moja isiyojua kitu kingine ila Windows, tuseme unatengeneza magari na kifaa chako cha kupima injini kina programu ya Windows pekee, tafuta laptopu ndogo kuukuu, iache na Windows, isiguse intaneti, iwe ya kazi hiyo tu. Hakuna zawadi ya kuwa msafi. Ninaongea na yule anayenunua sasa, mwenye chaguo, ambaye hajui ana chaguo.

Na hajui kwa sababu hatukufundishwa. Baada ya Form Four wote tulipelekwa "packages": Word, Excel, PowerPoint, cheti, picha ya kuvaa joho. Chuoni, kabla karo kuniacha mwaka wa pili, maabara ilikuwa vivyo hivyo, Next, Next, Finish. Hakuna mtu aliyewahi kutuonyesha kwamba kompyuta ikichomekwa kitu inaandika mahali fulani kimejitambulisha kama nani. Andika lsusb kwenye terminali utaona orodha. Andika sudo dmesg -w, kisha chomeka kifaa, utazame mistari ikishuka. Utaona kikisema jina lake, kampuni yake, na kinajua kufanya nini. Konza iko hapo karibu, tunaiita mji wa teknolojia, na vijana wa Masaku wanaogopa dirisha jeusi lenye maandishi.

Jumamosi natelemka Nairobi kutafuta kadi ya kunasa video ya kurekodi magemu, bajeti ni elfu tatu na kebo ya OTG iko kwenye begi. Kama unajua duka linaloruhusu mtu kujaribu kabla ya kulipa, niandikie hapo chini nipitie. Na kama una maiki inayokataa, weka ile mistari ya lsusb kwenye komenti, tutaangalia pamoja.